Sabufa Isiyomzunguka Jirani: Mwongozo wa Kununua Spika za Kompyuta kwa Watu wa Lushoto

Kabla hujasikiliza spika yoyote dukani, ziba pua, funga mdomo, meza mate. Nasema na wewe uliyeshuka na basi la asubuhi. Kutoka Lushoto mjini mpaka Mombo ni kama kilomita 33 za kona, na ndani ya kona hizo unashuka karibu mita elfu moja. Masikio huziba. Ukiingia dukani yakiwa bado yameziba, kila spika utaiona kama imefunikwa blanketi. Utamwambia muuzaji aongeze, naye ataongeza kwa furaha, na jioni utarudi mlimani na dubwana ambalo masikio yakishazibuka hutaweza kukaa nalo chumba kimoja. Tafuna kipande cha muwa pale stendi ya Mombo. Meza mate tena. Yakizibuka, ndipo biashara ianze.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwa mpwa wangu, siku aliponijia na hela yake ya mavuno ya viazi ikiwa imefungwa vizuri kwenye bahasha.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Mjomba, nataka sabufa ya kompyuta. Ile ya spika tano, inayokuzunguka."

Nikamuuliza: inamzunguka nani? Akacheka, akidhani namtania. Sikuwa namtania. Anakaa kwa bibi yake, yaani mama yangu, katika nyumba ambayo ukuta wa chumba chake unaishia chini ya paa na huko juu hakuna silingi. Upande wa pili wa ukuta kuna mpangaji mwenye mtoto mchanga. Sauti ikipanda ukutani haigongi hodi, inapita juu na kushukia kwenye kitanda cha mtoto. Mtu anayetaka kuzungukwa na sauti lazima aseme kwanza mzunguko wake unaishia wapi.

Kwa hiyo hatukuanzia dukani. Tulianzia ukingoni mwa msitu wa Magamba, alfajiri, kando ya barabara, ukungu ukiwa bado umelala kwenye miti. Nilimwambia afumbe macho na kuonyesha kwa kidole kila anakosikia kitu. Mbega wakaanza kunguruma juu kulia, na kundi jingine likawajibu kutoka bonde la nyuma. Hondohondo akapita juu yetu, na mabawa ya ndege yule huvuma kiasi kwamba unamfuata kutoka bega la kushoto mpaka la kulia bila kumwona. Kijito kilikuwa nyuma yetu muda wote, hakikusogea. Mpwa wangu alionyesha vyote bila kukosea, isipokuwa gari lililokuwa likipanda kutoka mjini, ambalo mlima ulimrudishia sauti yake kutoka ng'ambo akaonyesha ng'ambo.

Kila mtu aliyekulia Usambara ana elimu hii bila kujua kwamba anayo. Sauti ikitoka kushoto hulifikia sikio la kushoto kabla ya la kulia, kwa tofauti isiyofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na kichwa chenyewe huikinga kidogo ifikapo upande wa pili. Ubongo unasoma tofauti hiyo na kukuambia: mbega yuko kule. Spika za kuzunguka zinajaribu kuurudishia ubongo tofauti hiyohiyo ndani ya chumba. Zikishindwa kazi hiyo, hata zingekuwa na taa za rangi saba na remoti ya kudhibiti taa hizo, ni masanduku ya kelele. Hela ya viazi isiende huko.

Sasa zile tarakimu. 2.0 ni spika mbili. 2.1 ni spika mbili na sabufa. 5.1 ni spika tano na sabufa: mbili za mbele, moja ya katikati, mbili za pembeni kwa nyuma, na sabufa ambayo huandikwa nukta moja kwa sababu inabeba kipande kidogo tu cha sauti, ule mdundo wa chini. 7.1 inaongeza mbili nyuma kabisa, na kwa chumba cha futi kumi kwa kumi ni sawa na kufuga ng'ombe saba kwenye banda la mbuzi. Elimu yenyewe si ngeni. Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein aliomba hataza ya sauti ya njia mbili mwaka 1931. Walt Disney aliwazungushia watazamaji spika ukumbini mwaka 1940 kwa filamu ya Fantasia. Mwaka 1992 filamu ya Batman Returns ikatoka na sauti ya kidijitali ya njia sita, na kuanzia hapo mpangilio huo ukaanza safari ya kwenda sebuleni, mezani kwa kompyuta, na hatimaye kwenye maboksi yanayopangwa barazani mwa maduka ya Kariakoo.

Swali zito ni hili: una nini cha kupiga? Hapa ndipo wengi wanapoliwa. Wimbo wa kawaida wa MP3 una njia mbili tu, kushoto na kulia. Video nyingi unazotazama mtandaoni zina mbili. Nyimbo za zamani za Tanga, za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na taarabu ya Black Star, nyingi zilitoka kwenye studio ambako bendi nzima ilipita katika njia moja. Ukizipiga kwenye spika tano, kila spika itarudia kitu kilekile, na mwimbaji aliyekuwa amesimama mahali pamoja atasimama mahali patano. Zile filamu za kigeni zilizotiwa sauti ya Kiswahili na watu kama Lufufu ni hivyohivyo: mtafsiri amepakwa juu ya filamu, risasi na maneno vimo kwenye chungu kimoja. Hakuna cha kugawa.

Vyenye njia sita halisi ni vichache. Kuna DVD halali za filamu kubwa, kuna mafaili mazito ya filamu ambayo bado yamebeba sauti yake kamili, na kuna michezo ya kompyuta, ambayo inakokotoa yenyewe adui anatokea wapi. Kama maisha yako ni muziki, mahubiri, taarifa ya habari na mpira, nunua spika mbili nzuri. Sijasema ununue mbili kwa sababu huna hela ya tano. Nasema spika mbili zilizotengenezwa kwa uangalifu zitakupa sauti ya Shakila, yule mwimbaji wa taarabu, akiwa amesimama mbele yako, katikati ya meza, mahali ambapo hakuna spika kabisa. Mimi nimesikia hivyo kwenye chumba kidogo kule Soni, kwa spika mbili za mtumba, na bado nikifumba macho naona alipokuwa amesimama.

Mpwa wangu lakini anacheza michezo, na ana filamu za njia sita kwenye diski yake. Haki yake kutaka tano. Tukaendelea.

Geuza kompyuta yako uitazame mgongoni. Kompyuta ya mezani, hata ya mtumba, mara nyingi ina matundu madogo ya rangi. La kijani ni la spika za mbele. Jeusi ni la spika za nyuma. La rangi ya chungwa ni la spika ya katikati na sabufa. La waridi ni la maikrofoni, achana nalo. Matundu matatu hayo, kila moja likibeba njia mbili, ndiyo njia sita zako. Laptopu nyingi zina tundu moja tu la hedifoni, na tundu moja haliwezi kutoa njia sita, hata muuzaji aape kwa jina la babu yake. Mwenye laptopu atahitaji kadi ya sauti ya nje inayochomekwa kwenye USB yenye matundu hayo matatu, au apitishe sauti kwa HDMI kwenye ampulifaya inayoielewa.

Halafu geuza sabufa uitazame mgongoni nayo. Hili ndilo neno ninalotaka ulibebe hata ukisahau mengine yote. Sabufa nyingi zilizoandikwa 5.1 kwa maandishi makubwa ya dhahabu zina pini mbili tu za kuingizia sauti, nyekundu na nyeupe. Njia mbili zinaingia, spika tano zinatoa. Hizo tatu za ziada zimepata wapi cha kusema? Zimenakili za mbele. Umeuziwa kwaya ya watu watano ambayo watatu wanafungua midomo tu. Sabufa ya 5.1 ya kweli kwa kompyuta ina waya tatu za kuingiza, za rangi zilezile, kijani, nyeusi na chungwa, au ina tundu la HDMI au la mwanga (optical). Usipoziona, rudisha bahasha mfukoni.

Nilimwonyesha muuzaji mmoja pini zake mbili, kwa adabu kabisa. Akasema, "Mzee wangu, hiyo ni teknolojia mpya." Nikamwambia, "Mwanangu, mbili haijawahi kuwa sita, hata sokoni kwenye kabichi." Akanyamaza, kisha akaingia stoo na kutoka na boksi jingine, dogo, lisilo na taa, lililokuwa na vumbi. Lilikuwa na waya tatu. Naamini katika kila duka kuna boksi la namna hiyo nyuma kabisa, na mnunuzi anayejua kuuliza ndiye analitoa gizani.

Tuzungumze wati, kwa sababu hapa uongo umekomaa hadi umeota mvi. Boksi limeandikwa wati 10,000, na pembeni kwa herufi za kuficha, PMPO. Farasi mmoja wa injini ni wati kama 746. Wati 10,000 ni farasi kumi na tatu na ushee, yaani mota inayotosha kusagia mahindi ya kijiji. Sasa tazama plagi ya hiyo sabufa. Plagi zetu za pini tatu zina fyuzi isiyozidi ampea 13, na umeme wetu ni volti 230. Zidisha: wati 2,990. Hata sabufa ingekunywa kila tone linaloweza kupita kwenye plagi ile, isingefika theluthi ya kilichoandikwa. Geuza nyuma, tafuta kibandiko kidogo karibu na waya wa umeme. Pale, mahali ambapo mtengenezaji anaogopa kudanganya kwa sababu mafundi na mamlaka husoma, kimeandikwa wati 60. Hicho ndicho chakula chake chote. Hakuna anayekula kibaba akatoa gunia.

Tafuta neno RMS. Wati za RMS ndizo spika inaweza kuzitoa mfululizo bila kuungua. Kwa chumba cha kulala, wati 10 au 20 za kweli kwa kila spika ni nyingi. Spika ya kawaida ikipewa wati moja tu, ukakaa umbali wa mita moja, unapata sauti ya desibeli 85 hivi, ambayo tayari inamfanya mtu apaaze sauti ili asikike. Na kuongeza wati mara mbili kunakupa desibeli 3 tu za nyongeza. Ili sikio lako liseme sauti imekuwa mara mbili, unahitaji wati kama mara kumi. Kwa hiyo ukipewa chaguo la kulipa zaidi kwa kupata wati 40 badala ya 30, weka tofauti hiyo kwenye mfuko wa pazia. Nitakuja kwenye pazia.

Dukani, jaribu hivi. Beba wimbo wako kwenye flashi, ule unaoujua kama njia ya kwenda kisimani, maana muuzaji ana wimbo wake aliouchagua kwa sababu una mdundo mmoja mnene unaotetemesha kioo cha kabati na hauna kingine. Piga wako. Anza kwa sauti ndogo. Spika zote, nzuri na mbovu, hufanana zikiwa juu mbele ya masikio yaliyochoka, lakini kwa sauti ndogo mbovu hujitenga: maneno hayasikiki vizuri, gitaa la solo limezama. Kisha zima wimbo, panda na kitufe cha sauti mpaka mwisho bila kitu kinachopiga, weka sikio karibu. Ukisikia "shiii" kidogo, sawa. Ukisikia "nguuu" kama nyuki kwenye mzinga, huo ni umeme wa hezi 50 unaovuja ndani, na utaishi nao kila usiku. Gonga boksi la sabufa kwa kifundo cha kidole. Lijibu kwa kifupi na kwa uzito, kama mlango wa mbao za mkulo. Likilia kama ndoo ya plastiki, ndivyo na besi yako itakavyolia. Libebe mkononi. Kwenye spika, uzito una ukweli mwingi: sumaku ni nzito, shaba ni nzito, ubao mnene ni mzito.

Kama unaweza, beba kompyuta yenyewe. Windows ina kijaribio kinachopiga mlio kwenye spika moja moja huku ikikuonyesha ni ipi kwenye picha. Spika ya nyuma kushoto ikilia, nyingine zote zinyamaze. Zikilia mbili kwa pamoja, umeshajua tena habari ya kwaya.

Mambo ya kufungasha nayapita haraka: fungia spika kwenye nguo za mitumba ulizowanunulia watoto, na ukae nayo mapajani. Usikubali ipandishwe juu ya basi na magunia. Kona za kuelekea Soni zimeshazitenganisha sumaku nyingi na koni zake.

Nyumbani sasa. Kupanga spika tano ni kazi ya digrii na vipimo, na wataalamu wa redio duniani wameshakubaliana vipimo hivyo, lakini wewe una saa ya ukutani na inatosha. Itwae, ilaze mezani, jione wewe uko katikati ya saa, skrini iko pale mshale mfupi unapoonyesha saa sita kamili. Spika ya katikati iko saa sita. Ya mbele kushoto iko saa tano, ya mbele kulia iko saa saba. Za kuzunguka si za kutupa kwenye kona za nyuma kama watu wengi wanavyofanya. Ya kulia ikae saa kumi kasorobo hivi, ya kushoto saa mbili na robo na kidogo, yaani ubavuni mwako, nyuma kidogo ya masikio. Zote zitazame kichwa chako. Zilingane umbali kadiri chumba kinavyoruhusu, na zile tweta, vile vispika vidogo vya sauti nyembamba, viwe usawa wa masikio, maana sauti nyembamba husafiri kama tochi: inamulika inakoelekezwa.

Ukikaa karibu na skrini, kiasi cha urefu wa mkono, spika ya katikati unaweza kuiacha kwenye boksi na kuiambia kompyuta kwamba haipo. Mbili za mbele zitaitengeneza sauti ya katikati zenyewe, kama Shakila wa Soni.

Sabufa ni mnyama wa namna nyingine. Sauti ya hezi 50 ina wimbi la urefu wa karibu mita saba, refu kuliko chumba chote, na sikio haliwezi kujua linatoka wapi. Ndiyo maana moja inatosha, na ndiyo maana unaweza kuiweka popote. Popote, lakini si kila mahali ni sawa. Ukiisukumia konani itavimba na kunguruma kupita kiasi. Mbinu ya kweli, inayotumiwa na mafundi wa sauti duniani kote, ni hii: weka sabufa kwenye kiti chako, mahali kitakapokaa kichwa chako, piga wimbo wenye gitaa la besi linalotembea, kisha wewe mwenyewe utambae sakafuni ukizunguka chumba. Mahali ambapo kila noti ya besi inasikika sawa na mwenzake, hapo ndipo pa kuiweka sabufa. Mpwa wangu alitambaa. Bibi yake alifungua mlango, akamwona kijana wa miaka ishirini na mbili anakwenda kwa magoti na sikio likiwa karibu na sakafu, huku gitaa likipigwa na kiti. Akauliza kama kuna kilichodondoka.

"Natafuta besi, bibi."

"Ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa gani?"

Tulimweleza, naye akasema tuitafute na chini ya kabati, ndiko vitu huishia. Na kweli, sabufa ilikaa vizuri kuliko kote pembeni mwa kabati, hatua moja kutoka ukutani.

Chumba chenyewe ni nusu ya spika, na hapa nyumba zetu zina tabia zake. Sakafu ya saruji, kuta za tofali zilizopigwa plasta, bati juu: sauti inaingia humo na haijui pa kutua, inarukaruka mpaka maneno ya filamu yanageuka uji. Bahati nzuri, Lushoto ina dawa kabatini. Ni nchi ya mablanketi. Tundika blanketi zito ukutani nyuma yako, weka mkeka au zulia kati yako na spika, pazia nene dirishani, godoro la wageni lisimame konani. Piga makofi mara moja katikati ya chumba. Yakirudi "tang", bado. Makofi yakifa mkononi, chumba kimekuwa tayari. Blanketi moja linafanya kazi ambayo wati elfu moja haziwezi.

Vitambaa ni jambo nyeti na nalisema kwa heshima zote kwa mama zetu. Kile kitambaa cha kufuma, chenye maua pembezoni, kinachotandikwa juu ya redio, juu ya televisheni, na sasa juu ya kila spika, ni kizuri na kimetoka kwenye mikono inayotupenda. Kikining'inia mbele ya spika kinameza sauti nyembamba: matoazi, herufi "s", kayamba. Tandika juu, usiache kishuke mbele. Tulimaliza kwa makubaliano: vitambaa vinashuka mchana, vinapandishwa filamu ikianza.

Umeme. Unapokatika hauna neno, unaporudi ndipo unaua. Chomoa, au weka kifaa cha kulinda volti kama kile cha friji. Sabufa ya wati 60 ikiwaka kwa muda wa saa nne jioni moja inakula robo ya yuniti, haitakumalizia LUKU, lakini ikiachwa na taa zake zinawaka wiki nzima itakuchota polepole. Walio vijijini kwenye sola watafute sabufa yenye tundu la volti 12, zipo, na zinapiga vizuri zaidi bila mngurumo wa hezi 50. Na usiiweke sakafuni kuanzia Juni: baridi na ukungu wa kwetu hula pini za shaba na kuotesha kuvu kwenye karatasi ya koni. Inua juu ya tofali mbili, ifute.

Mvua, hapa sina ushauri wa kiufundi. Mvua ya Aprili ikianguka juu ya bati inashinda kila kitu. Simamisha filamu, chemsha chai, subiri.

Narudi kwa jirani, maana ndiye alinifanya niandike haya. Besi hupenya tofali. Unasikia wimbo wote, yeye anasikia mdundo peke yake, du, du, du, bila maneno, bila gitaa, usiku kucha. Hakuna mateso kama hayo ambayo mtu anaweza kumpa mtu bila kumgusa. Na milima inazidisha. Usiku hewa ya baridi hulala bondeni na ya joto kukaa juu yake, na sauti badala ya kupotea angani hujipinda na kurudi chini. Ndiyo maana usiku wa kiangazi unaweza kusikia mbwa wa kilima cha pili kana kwamba yuko shambani kwako. Sabufa yako nayo inasikika kilima cha pili. Mimi nimewahi kuuguza mgonjwa katika nyumba iliyotazamana na baa ng'ambo ya bonde, na mdundo ule tulikunywa nao dawa, tukalala nao, tukaamka nao. Sijausahau na sitaki mpwa wangu awe chanzo cha mdundo wa mtu mwingine.

Kwa hiyo tulipima. Alikaa ndani akipiga filamu, mimi nikaenda kusimama kwa mpangaji, mama mtoto akiwa amenikaribisha kwenye kigoda. Tuliongea kwa simu: punguza, punguza besi, bado, bado, hapo. Tukaweka alama kwa rangi ya kucha kwenye kitufe cha sauti. Mchana unaweza kuvuka alama. Saa mbili usiku ikifika, alama ndiyo ukuta. Zaidi ya hapo, hedifoni zipo, na mchezo wa kompyuta kwenye hedifoni nzuri humleta adui nyuma ya shingo vizuri kabisa, mtoto akiwa amelala. Masikio yako nayo yana mpaka: desibeli 85 kwa saa nane ndicho kiasi ambacho wataalamu wa afya kazini wanakivumilia, na kila desibeli 3 juu ya hapo wanakata muda huo nusu.

Jioni ya kwanza tulikaa watatu. Spika nne na sabufa, ya katikati ikiwa bado kwenye boksi lake. Mama yangu alikuwa kwenye kiti chake karibu na blanketi la ukutani, sinia la maharage mapajani, akichambua, mgongo ukielekea mlango. Hakuwa anatazama; filamu za risasi hazimhusu. Sauti ilikuwa chini ya alama. Katika filamu kulikuwa na mtu peke yake ndani ya nyumba, usiku, anasoma barua, kukawa kimya kwa muda mrefu, hata nikasikia maharage yakidondoka kwenye sinia. Kisha nyuma yetu, upande wa kushoto, mlango ukagongwa mara tatu, taratibu.

Mama akaweka sinia chini, akajifunga khanga vizuri, akageukia mlangoni.

"Karibu," akasema. "Pita, hakujafungwa."